Fedha ya Kwaya na Kisanduku cha Gitaa

Katika kijiji kimoja kilicho karibu na ziwa la Nzilo, kwaya ya kituo ilikusanya fedha muda wa miezi mingi. Kina mama waliuza mihogo na samaki wakavu, vijana waliuza makaa, na wazee wakatoa kidogo walichokuwa nacho. Makusudi yao yalikuwa kunasa nyimbo za mafundisho, yaani Kanuni ya Imani, Amri za Mungu na Sakramenti saba, ili wakatekumeni wa vijiji vya mbali, ambako Padre hafiki ila mara chache kwa mwaka, wapate kuzisikiliza katika simu na kuzijua kwa moyo kabla ya Ubatizo. Mashine ya kunasa sauti waliazimwa. Kilichopungua ni kile kisanduku kidogo kiwekwacho kati ya gitaa na mashine, ambacho mafundi hukiita kwa herufi mbili tu, DI.

Mpiga besi, kijana mwenye bidii, alitumwa Kolwezi kukitafuta. Akarudi na habari badala ya kisanduku. Dukani alikuwa ameona viwili: kimoja cha dola 25, na kingine cha dola 180. Akamwambia mtunza hazina, “Mama, tununue kile cha bei kubwa, maana jina lake lajulikana po pote.” Mama akamjibu, “Mwanangu, jina halipigi besi. Kile cha bei ndogo kina upungufu gani?” Kijana hakujua. Basi wakaenda wote wawili kwa mzee mmoja aliyepata kuwa fundi wa umeme migodini.

Hapo wakatekumeni na waangalie vema. Fedha ya kwaya si mali ya aliyeishika. Ni jasho la wengi, lililowekwa mkononi mwa mmoja kwa amana. Amri ya saba huvunjwa na mwizi, lakini huvunjwa pia na mtunzaji avunjaye amana kwa uzembe au kwa majivuno. Bwana wetu mwenyewe alitoa mfano wa mtu atakaye kujenga mnara, ya kwamba hukaa kwanza na kuhesabu gharama (Luka, sura ya 14). Lakini mtu hawezi kuhesabu gharama ya kitu asichojua kazi yake.

Kazi ya kisanduku hiki ni ipi? Mzee aliwaeleza hivi. Gitaa la umeme au besi isiyo na betri ndani yake ni kama chemchemi ndogo. Ukiichota kwa ndoo kubwa, waivuruga na kuikausha. Ukiichota kwa kata, maji hutoka safi. Tundu la maikrofoni katika mashine ni ndoo kubwa, nalo huvuta mno, hata sauti hufika imefifia, bila ung’avu wake. Kisanduku ndicho kata. Hupokea sauti kwa upole upande huu, na upande wa pili huitoa kwa namna ipendwayo na mashine.

Tena kisanduku huituma sauti kwa nyaya mbili, moja ikiwa kinyume cha nyenzake. Uchafu wa umeme ukiingia njiani huzipata zote mbili sawasawa. Nayo mashine huitwaa tofauti ya nyaya hizo tu, hata uchafu ukafutika na wimbo ukabaki. Ndiyo maana waya mrefu kutoka kwenye kisanduku hauleti hasara, lakini waya mrefu wa gitaa lenyewe huleta.

Visanduku ni vya aina mbili. Aina ya kwanza haina umeme wake. Ndani yake mna transfoma tu, yaani nyaya zilizozungushwa juu ya chuma. Hicho hakitaki betri kamwe, na huifaa besi iliyo na betri yake, au kinanda cha umeme, maana hivyo vina nguvu za kutosha. Aina ya pili ina umeme wake, wa betri au wa volti 48 zitokazo katika mashine kwa waya ule ule wa maikrofoni. Hicho ndicho kata iliyo ndogo kuliko zote, nacho huzifaa chemchemi zilizo dhaifu: gitaa la umeme lisilo na betri, au gitaa kavu lililobandikwa kinasio. Anunuaye aina hii na aulize kwanza kama mashine yake yatoa volti hizo; la sivyo, atanunua betri siku zote, na betri mbovu hufa katikati ya wimbo.

“Besi yako ina betri?” mzee akauliza. Kijana akaigeuza, akafungua kifuniko kidogo mgongoni, betri ilikuwamo. “Basi kisanduku cha transfoma chatosha. Na gitaa la mwenzako?” Lilikuwa gitaa kavu, la mbao tupu. Mzee akacheka. Mwaka 1952, Hugh Tracey alipomnasa Jean-Bosco Mwenda huko Jadotville, mji uitwao leo Likasi, alimwekea maikrofoni mbele ya gitaa kavu, na wimbo wake Masanga ukaenda mbali duniani. Gitaa la namna hiyo halina haja ya kisanduku. Kwa neno hilo moja kwaya iliokoa bei ya kisanduku cha pili. (Mashine nyingi za siku hizi zina hata tundu lenye alama ya gitaa, mwenye tundu hilo na waya mfupi aweza kunasa besi bila kisanduku cho chote. Ile ya kuazima haikuwa nalo.)

Ikabaki besi. Uzi wake wa chini kabisa hutetema kama mara 41 kwa sekunde. Nao umeme utokao katika mitambo ya Nzilo, iliyoanza kazi katika miaka ya 1950, lilipoitwa bwawa la Delcommune, huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, kama umeme wote wa nchi hii. Umeme huo ukipenya katika wimbo, husikika kama mvumo wa nyuki, nao huangukia katikati ya noti za besi, karibu na soli. Hakuna fundi awezaye kuuondoa baadaye pasipo kuijeruhi besi yenyewe. Yapasa uzuiwe mlangoni.

Kijana akasema, “Baba, sisi tumekwisha kuuzuia. Kikuza sauti kilivuma sana, tukakirekebisha.” Mzee akataka kukiona. Alipofungua plagi yake akakuta waya wa ardhi, ule wa rangi ya kijani na manjano, umekatwa.

Alinyamaza kidogo, kisha akauliza ni nani aimbaye huku ameshika gitaa au besi. Kijana akajibu, “Ni mimi.” Mzee akamweleza kwamba mvumo hutokea mara nyingi vyombo viwili vyenye waya wa ardhi vinapounganishwa kwa waya wa sauti, maana ardhi hufanya duara. Ukikata waya wa ardhi duara hukatika na mvumo huisha, ni kweli. Lakini waya huo ndio ukimbizao umeme siku chombo kiharibikapo. Ukikatwa, umeme hungoja katika nyuzi za besi, na siku moja mwimbaji huigusa maikrofoni kwa midomo yake. Les Harvey, mpiga gitaa mashuhuri, alikufa hivyo jukwaani katika mji wa Swansea, Wales, mwezi wa Mei 1972: ameshika gitaa, akagusa maikrofoni, na ardhi haikuwa imeunganishwa vema.

Swali: Je, amri ya tano yawahusu wauaji peke yao?
Jibu: La. Yamhusu pia aachaye hatari wazi kwa uzembe, akijua ya kwamba yaweza kumwua yeye mwenyewe au jirani yake.

Kisanduku kizuri kina swichi ndogo ya kukata ardhi ya waya wa sauti peke yake. Duara hukatika na mvumo huisha, wala waya wa kijani na manjano hauguswi. Kile cha dola 25 hakikuwa na swichi hiyo. Gamba lake lilikuwa la plastiki, nalo lilikuwa jepesi kama ganda la karanga. Transfoma yenye chuma kidogo mno huzidiwa na noti nzito, hata besi ikakoroma. Je, kile cha dola 180? Kilikuwa chema sana, lakini kilikuwa cha aina ya pili, na sehemu kubwa ya bei yake ni kwa ajili ya chemchemi dhaifu, ambazo kwaya haikuwa nazo.

Kijana akarudi Kolwezi, safari hii na besi yake begani, na Mama pamoja naye. Katika duka la tatu wakapata kisanduku cha chuma, kizito, chenye transfoma na swichi ya ardhi, na tundu la pili la kupeleka sauti kwenye kikuza sauti ili mpigaji ajisikie. Kijana akapiga uzi wa chini kwa nguvu, akasikiliza kama wakoroma. Kisha akanyamazisha nyuzi zote, akasikiliza ukimya. Mwenye duka alichoka kidogo, lakini Mama hakujali. Walilipa dola 70, wakaomba hati ya malipo. Fedha iliyosalia ilirudi sandukuni, nayo ikaandikwa daftarini mbele ya watu watatu.

Jumamosi jioni, kinu cha unga kilipozimwa na kijiji kikatulia, wanakwaya walikusanyika kanisani. Mzee hakuruhusu cho chote kuwashwa kwanza. Alipima kama ukuta wenyewe wa kanisa una waya wa ardhi, akaleta plagi mpya, akaunganisha humo ule waya wa kijani na manjano, akaukaza kwa bisibisi, akauvuta mara mbili kuona kama umeshika. Ndipo kisanduku kikatolewa katika karatasi yake.