SOMO LA UFUNDI: KUNYOOSHA PETE YA NGOMA YA ZAMANI



Ngoma ya bendi ya miaka ya 1960 ina pete za madini zinazobana ngozi. Pete ikipinda, ngozi haikazwi sawasawa na sauti huharibika. Pete ya asili ni shida kuipata, basi tusiitupe kabla ya kuijaribu.

1. Itambue. Pete ya bamba la chuma au shaba lililokunjwa hunyooka. Pete ya kusubu, kama za ngoma nyingi za Gretsch za Marekani, ni ngumu lakini haikubali kupindwa: ukiilazimisha itavunjika. Hiyo usiigonge.

2. Ipime. Ivue, ilaze juu ya kioo kinene. Palipoinuka tia alama ya chaki. Kisha pima upana wake mara nne, kila mara mahali tofauti. Vipimo visipolingana, pete imekuwa yai.

3. Inyooshe bila moto, maana moto huharibu kromu. Vaa glavu, kromu iliyobanduka hukata kama wembe. Pete ya yai isimamishe juu ya ubao, upande mrefu ukiwa wima, uikandamize kwa mikono. Palipoinuka gonga polepole kwa nyundo ya mpira. Madini hujirudi, kwa hiyo pitisha kidogo tu, upime tena.

4. Irudishe. Kaza skrubu zinazotazamana, mbili mbili, kidogo kidogo. Ukimaliza upande mmoja kwanza, utaipinda upya.

Swali la kujadiliana: Kwa nini tunapima kabla ya kugonga?