Kufundisha Upenyaji wa Maji Ardhini: Mvua Huanza Kutiririka Lini?

Utangulizi

Mara nyingi somo la mmomonyoko wa udongo hufundishwa kwa kuorodhesha sababu zake ubaoni: kukata miti ovyo, kuchunga mifugo mingi mahali pamoja, kulima kwa kufuata mteremko. Wanafunzi hukariri, hujibu mtihani, kisha hurudi nyumbani na kulima kama zamani. Katika makala hii tunapendekeza njia nyingine kwa walimu wa Wilaya za Ngara na Biharamulo: wanafunzi wapime wenyewe jinsi ardhi inavyokunywa maji, halafu wakadirie mtiririko utaanza dakika ya ngapi ya mvua.

Somo hili lina uzito wa pekee huku kwetu. Ngara ni nchi ya vilima, na mito ya Ruvubu na Kagera hukutana karibu na Rusumo. Mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo katika muda wa siku moja hivi, na kambi ya Benaco ikawa kama mji mkubwa. Miti ilikatwa kwa kuni na kwa kujengea, na majani yakakanyagwa. Wengi wao walirejea kwao Desemba 1996. Hatuyataji hayo ili kuwalaumu watu waliokimbia kifo. Uwanja wa shule unaofagiliwa kila asubuhi una hali hiyo hiyo ya ardhi tupu iliyoshindiliwa.

Kanuni

Mwaka 1933 Robert Horton wa Marekani alieleza kwamba mtiririko huanza pale mvua inaponyesha kwa kasi kuliko uwezo wa ardhi wa kunywa. Ardhi kavu hunywa upesi mwanzoni, kisha kasi hupungua hadi kufikia kiwango kisichobadilika sana. Mabondeni ipo sababu ya pili: maji yaliyo chini huwa yamekwisha kuujaza udongo, hata mvua ndogo ikakosa pa kuingia.

Vifaa na hatua

Yatakiwa kopo kubwa lililokatwa kitako, ndoo kuukuu iliyokatwa vivyo hivyo, rula, saa na maji.

1. Pigilia kopo ardhini kiasi cha sentimita 5, ukiweka ubao juu yake lisipinde. Lizungushie ndoo.
2. Tandaza majani machache ndani ili maji yasichimbe udongo. Mimina maji katika kopo na katika ndoo pia. Maji ya ndoo huyazuia ya kopo yasipenyee pembeni badala ya kwenda chini.
3. Kila baada ya dakika 5, mwanafunzi mmoja asome maji yameshuka milimita ngapi, na mwingine aandike. Jazeni tena kabla maji hayajaisha.
4. Rudieni kazi hiyo katika sehemu mbili: shamba la migomba lenye matandazo, na uwanja uliofagiliwa.

Hesabu

Tuchukulie kwamba shambani maji yameshuka milimita 10, 6, 4, 3, 3 na 3 katika vipindi sita vya dakika 5. Mvua nayo iwe ya milimita 60 kwa saa, yaani milimita 5 katika kila kipindi.

Hapa ndipo wanafunzi wengi hujikwaa. Huona kwamba kipindi cha tatu uwezo ni 4, mvua ni 5, wakajibu kuwa mtiririko unaanza dakika ya 10. Lakini kopo lilikuwa na maji tele tangu mwanzo. Kufikia dakika ya 10 ardhi ilikuwa imekunywa milimita 16. Mvua katika dakika 10 imeleta milimita 10 tu, kwa hiyo ardhi bado ina nafasi. Basi tuhesabu maji yaliyonywewa, si dakika za saa. Milimita 16 za mvua hii hutimia dakika ya 16, na hapo ndipo mtiririko huanza.

Tangu hapo hadi dakika ya 30 ardhi itakunywa 4, kisha 3, kisha 2.4 katika dakika 4 za mwisho. Jumla ni milimita 25.4 kati ya 30 zilizonyesha. Zinazotiririka ni 4.6. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kwa hiyo shamba la mita 50 kwa 20 litapoteza lita 4,600, yaani mapipa 23 ya lita 200.

Sasa uwanjani tuchukulie vipimo ni 3, 2, 1, 1, 1 na 1. Mtiririko huanza mara moja. Ardhi imekunywa milimita 9 tu; zilizobaki 21 ni lita 21,000, yaani mapipa 105. Waulizwe wanafunzi: mapipa hayo yanakwenda wapi, na yanabeba nini?

Mambo ya kuangalia

Makadirio haya ni ya siku ile tu. Ardhi iliyopimwa Septemba ikiwa kavu haitanywa sawasawa na ile iliyolowa Aprili. Tena maji ya kopo hayapigi udongo kama matone ya mvua, ambayo huuvunja na kuziba vitundu vyake. Hivyo ardhi tupu huanza kutiririsha maji mapema kuliko kipimo kinavyoonyesha. Matandazo hulizuia pigo hilo.

Zoezi la kumalizia

Darasa liandike kadirio lake, kisha mvua inaponyesha waangalie kutoka barazani maji yanaanza kutiririka uwanjani dakika ya ngapi. Wafunike sehemu ya shamba la shule kwa matandazo, wapime tena baada ya msimu mmoja, na kulinganisha. Mwanafunzi aliyehesabu mapipa kwa mkono wake ataelewa kwa nini baba yake aambiwe achimbe makinga maji kukata mteremko, na ataweza kumweleza kwa hesabu.