Filamu ya Usalama Majengoni: Nasaha kwa Wanaokusudia Kuitengeneza

Kijitabu hiki kimeandikwa kwa ajili ya wakandarasi, vyama vya wafanyakazi, idara za umma na mafundi wa filamu ambao wameazimia kutengeneza filamu fupi ya kuhimiza usalama katika kazi za ujenzi; nasi tunatanguliza lile tunaloliona kuwa ndilo msingi wa yote, kwamba filamu ya namna hii aghalabu huharibika kabla kamera haijafunguliwa, katika saa ile ambapo wenye kuigharimia hupatana, pasina kulijadili sana, kuwa muradi wake ni kumfundisha kibarua kuvaa kofia ngumu.

Kofia ina faida yake, wala hatumnasihi mtu aivue. Lakini wataalamu wa fani hii wana taratibu inayojulikana dunia nzima, nayo yasema kwamba kwanza hatari iondolewe kabisa. Isipoondoleka, ibadilishwe kwa jambo lenye madhara madogo zaidi. Kisha izuiliwe kwa reli, wavu au kizuizi kingine. Kisha kazi yenyewe ipangwe kwa namna ya kumtenga mtu na hatari. Na baada ya yote hayo, kwa ile hatari iliyosalia, ndipo yaje mavazi ya kinga. Filamu inayoanza na kofia imeanzia mwisho, na mtazamaji huondoka akiamini kuwa aliyeanguka ameanguka kwa uzembe wake, ilhali yamkini hakuwekewa reli ya kumzuia. Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katika mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Hapana vazi ambalo lingaliwanusuru watu wale, maana jengo likishashindwa kujibeba lenyewe, kilichokosekana kimekwisha kukosekana zamani, mezani kwa mchoraji, katika kipimo cha saruji, au mikononi mwa aliyepewa dhamana ya kukagua.

Kwa hiyo mtu wa kwanza kuhutubiwa na filamu ni mwenye mamlaka ya kusema kazi ianze au isimame. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, nchini Tanzania, kama ile ya Kenya ya mwaka 2007, humtwika mwajiri wajibu wa kuwahifadhi wafanyakazi wake. Na Mkataba Na. 167 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1988 mahususi kwa ajili ya ujenzi, unaikiri haki ya mfanyakazi kujiondoa mahali anapokuwa na sababu ya kuamini kwamba pana hatari kubwa iliyo karibu. Haki hii ni adhimu, tena ni ngumu kuitumia kwa mtu aliyeajiriwa asubuhi na kulipwa jioni, ambaye anajua kuwa nje ya uzio wa mabati wapo wenzake wanaoingoja nafasi yake. Lau tungeambiwa tuchague tukio moja tu la kuwekwa katika filamu, tungechagua hili: saidia fundi anakataa kuingia katika shimo ambalo kuta zake hazijaegemezwa, na msimamizi, badala ya kumfukuza, anakwenda kulitazama shimo, analisimamisha zoezi zima na kuagiza mbao. Mita moja ya ujazo ya udongo huweza kupita uzito wa tani moja na nusu; aliyefukiwa mpaka kifuani hukosa pumzi hata kama kichwa chake kiko nje, na jambo hili watu wengi hawalijui.

Mwandishi wa mchezo asiandike neno kabla hajakaa eneo la kazi. Na aende siku ya kumwaga zege, maana siku hiyo haraka huwa kubwa kuliko siku zote: makarai yanapanda kwa kupokezana, mashine ya kuchanganyia zege haipumziki, na vijana wanakanyaga zege bichi kwa kandambili, ilhali saruji mbichi huunguza ngozi taratibu hata mtu asitambue mpaka jioni. Atazame mirunda iliyofungwa kwa kamba na misumari, aulize nani aliifunga na nani aliikagua. Atazame ncha za nondo zilizoachwa wazi chini ya mahali watu wanapopita juu. Atazame mama ntilie anapopita na sinia la chakula chini ya jukwaa ambalo matofali yamepangwa ukingoni. Kitu kinachoanguka kutoka mita 10 hufika chini kwa mwendo wa takriban kilomita 50 kwa saa. Katika hayo yote achague mawili au matatu, asiyataje kumi, kwa maana filamu ya dakika nane yenye makatazo ishirini hubakiza kichwani mwa mtazamaji uchovu tu.

Kazi hii ya kufundisha kwa filamu ina historia katika nchi zetu. Baina ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza wawili, Notcutt na Latham, waliongoza jaribio la kutengeneza filamu za elimu kwa ajili ya Waafrika, zikasafirishwa kwa lori kuonyeshwa huku na huko Afrika Mashariki na ya Kati, na sauti zake zilitoka katika sahani za santuri, hata picha ile ile ikaweza kusemeshwa kwa lugha mbalimbali. Ustadi huo wa kutenga sauti na picha wafaa kuigwa hata leo, maana maneno ya mafundi wa Mombasa si yote wayasemayo mafundi wa Mwanza. Lisilofaa kuigwa ni ile dhana ya wakati ule kwamba mtengenezaji ajua kimbele nini mtazamaji aweza kufahamu. Mafundi wenyewe washirikishwe tangu mswada wa kwanza, waruhusiwe kufuta.

Mintarafu ya ajali, maiti na damu zisionyeshwe; hofu humfanya mtu afumbe macho, na yupo mjane ambaye huenda akaiona picha hiyo. Mfanyakazi asipigwe picha bila ridhaa yake, wala asipandishwe tena mahali pa hatari kwa ajili ya kurudia tukio. Nembo ya kampuni ije mwisho, tena kwa ufupi.

Filamu ikiisha, ionyeshwe kwanza kwa genge moja la mafundi kabla ya kazi za asubuhi, na mtu mwenye mamlaka ya kununua mbao, kamba na reli awepo kujibu maswali yao. Baada ya juma moja mtengenezaji arejee pale pale akague mashimo na majukwaa. Akikuta kuta bado hazijaegemezwa, swali lake alipeleke ofisini kwa mkandarasi kabla ya kumwuliza aliye shimoni.