Hesabu chupa kabla ya kulipa

Mzazi wa Kakamega mwenye mtoto wa selimundu, fahamu kwamba kila painti ya damu anayoongezewa huleta miligramu 200 hivi za madini ya chuma. Mwili hauna njia ya kuyatoa yakizidi. Hurundikana katika ini na moyo. Deferoksamini, dawa ya sindano, huyaondoa.

Bili yake hufuata chupa. Soma lebo: nyingi zina miligramu 500. Mtoto wa kilo 22 akiandikiwa miligramu 40 kwa kila kilo, anahitaji 880 kwa siku, yaani chupa mbili. Zile 120 zinazobaki hutupwa, lakini umezilipia! Kwa siku tano ni chupa kumi. Ukiandikiwa kumi na tano, omba maelezo. Kabla ya kuanza, uliza hospitalini kama SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, itagharimia dawa hiyo.