Dawa ya hamu ya chakula si ya kunenepesha
Iwapo daktari amekuandikia megestroli, fahamu kwamba hiyo ni homoni, si vitamini. Ilikuwa tayari ikitumika kama dawa ya saratani. Mwaka wa 1993 Marekani ikaiidhinisha kwa wagonjwa wa Ukimwi waliokonda na kukosa hamu ya chakula. Unene unaopatikana huwa hasa mafuta, si misuli, kwa hivyo anayeitafuta apate umbo anajihatarisha bure. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au ukishindwa kupumua ghafla, kimbia hospitalini: huenda damu imeganda mishipani. Mja mzito asiitumie. Mwenye kisukari apimwe sukari mara kwa mara. Wala usiiache ghafla eti sasa unakula vizuri. Tezi zilizo juu ya figo huwa zimepunguza kazi, nawe waweza kuishiwa na nguvu ukazirai. Daktari ndiye atakayekupunguzia.