Jina Pekee Halitoshi: Jinsi ya Kutafuta Ukoo wa Kiayalandi Uliovuka Bahari

Kati ya mwaka 1845 na 1852, njaa kuu iliua watu wapatao milioni moja Ayalandi, na wengine zaidi ya milioni moja wakaihama nchi. Wazao wao wengi leo wanatafuta kwao wakiwa na jina la ukoo tu mkononi. Jina ni mlango, si ushahidi. Fuata hatua hizi kwa subira.

1. Anza na wazee. Waulize majina, dini, na nani alitangulia ng'ambo. Kagua bahasha za barua na migongo ya picha. Kila unaloambiwa, liandike pamoja na jina la aliyelisema.

2. Maliza kwanza nyaraka za ugenini. Unachosaka ni kitongoji alikotoka, maana Ayalandi ina vitongoji zaidi ya 60,000. Vyeti vya kifo vya Australia mara nyingi hutaja wazazi wa marehemu. Gazeti la Boston Pilot lilichapa matangazo ya kutafuta jamaa waliopoteana kuanzia 1831 hadi 1921, na mengi yanataja parokia ya nyumbani. Usipite kaburi bila kusoma jiwe lake.

3. Sasa ingia Ayalandi. Uzazi, vifo na ndoa zote zilianza kusajiliwa na serikali mwaka 1864. Ndoa za wasio Wakatoliki zilitangulia, mwaka 1845. Sensa za 1901 na 1911 zinasomwa bure mtandaoni, nyumba kwa nyumba.

4. Ziba pengo la moto. Juni 1922, vita vya wenyewe kwa wenyewe viliteketeza hifadhi ya nyaraka jijini Dublin, na sensa za 1821 hadi 1851 zikaangamia karibu zote. Badala yake, tumia orodha ya uthamini wa ardhi ya Griffith ya 1847–1864, inayotaja wapangaji wa ardhi, na madaftari ya parokia za Kikatoliki yaliyo Maktaba ya Taifa. Mengi ni ya Kilatini: Jacobus ni James, Gulielmus ni William. Angalia pia wasimamizi wa ubatizo. Aghalabu ni mjomba au shangazi. Na kumbuka, Sullivan na O'Sullivan wanaweza kuwa mtu mmoja.

5. Fuata ndugu wote wa tumbo moja. Babu yako akinyamaza kwenye karatasi, huenda dada yake aliyehamia Sydney ndiye aliyeacha jina la kitongoji. Kisha teremka kizazi kwa kizazi kupitia sensa, wosia na matangazo ya tanzia, hadi uwafikie walio hai.

6. Hakiki kabla ya kuunga. Tarehe 1 Januari 1892, Annie Moore, binti kutoka Cork, alikuwa mhamiaji wa kwanza kupokewa Ellis Island, kituo cha wahamiaji cha New York. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba alihamia Texas. Mwaka 2006 mtafiti Megan Smolenyak alionyesha kwamba Annie wa Texas alizaliwa Illinois, Marekani kwenyewe. Annie wa Cork hakuondoka New York. Alizaa, akafa na kuzikwa huko, katika kaburi lisilo na alama. Mwaka 2008 aliwekewa jiwe lenye jina lake.

Basi kabla hujamwita mtu bibi yako, pata walau mambo mawili zaidi ya jina: wazazi wake, umri, au kitongoji. Ukimkosea, unampa mwingine wajukuu wake.