Damu ya Saa Nane ya Usiku

Wageni wanaijua Rughenda ya Butembo kwa uwanja wake wa ndege. Wanaolala huko wanajua safari nyingine: motari anateremka na pikipiki gizani kuelekea hospitali, nyuma yake mama amembeba mtoto ambaye viganja vyake vimekuwa vyeupe na pumzi inakwenda mbio. Malaria imekuwa ikipasua chembe nyekundu za damu siku kadhaa, nyumbani wakidhani ni homa ya kupita.

Hospitalini hupimwa hemoglobini. Ikiwa chini ya gramu 4 kwa desilita, mtoto anahitaji damu mara moja. Ikiwa kati ya 4 na 6, anaihitaji akiwa na dalili za hatari, kama kuhema kwa shida au kupotewa na fahamu.

Hapo baba anakunja shati: "Chukueni yangu." Upendo upo, ila saa zinakimbia. Fundi wa maabara anadondosha matone ya damu kwenye kigae cheupe, anaongeza dawa ya kutambua A na ile ya B, anakitikisa polepole. Tone likibaki laini, hakuna kitu. Likigawanyika vipunje, kama uji ulioingia mabonge, kundi limejitaja. Makundi haya aliyagundua Karl Landsteiner kule Vienna mwaka 1901. Baba wa A na mama wa B wanaweza kabisa kuzaa mtoto wa O, na wote wawili wasiweze kumpa damu. (Basi asishukiwe mtu ndoani kwa ajili ya kigae.) Kisha vinafuata vipimo vya virusi vya ukimwi, homa ya ini B na C, na kaswende, halafu damu ya mtoaji inajaribiwa pamoja na ya mgonjwa kuona kama zinapatana.

Kwa maoni yangu, ubaya mkubwa wa kutafuta mtoaji usiku ule si muda peke yake. Kaka aliyezungukwa na shangazi wanaolia hawezi kumwambia muuguzi kwamba wiki iliyopita alilala na mtu asiyemjua. Na maambukizi mapya huweza kujificha yasionekane kwenye kipimo. Anayetoa Jumamosi mchana, bila mgonjwa wa kwake kitandani, husema kweli kwa urahisi zaidi.

Damu yake hukaa kwenye mfuko, poshi kama tunavyoiita, katika friji ya nyuzi 2 hadi 6. Chembe nyekundu hutuama chini, juu hubaki maji ya manjano. Ikiwa na dawa ya kuihifadhi inayotumika sana, hudumu siku 35. Ndiyo maana friji ya damu haiwekwi Fanta, wala haifunguliwi ovyo umeme unapokatika.

Poshi ikiletwa, soma pamoja na muuguzi jina, kundi, namba na tarehe ya mwisho. Msiipashe kwenye maji ya moto wala kando ya makaa ya mbabula, chembe zitapasuka. Iishe ndani ya saa nne. Dakika 15 za kwanza usitoke kwenda kutafuta chai: mtoto akitetemeka, akiota upele, akilalamikia mgongo au akikojoa mkojo mwekundu, mwite muuguzi afunge mpira mara hiyo hiyo.

Wako wanaonong'ona kwamba damu inayotolewa huishia kwa wachawi. Hao wakumbuke Ebola. Dawa ya mAb114, mojawapo ya mbili zilizofanya vizuri kwenye majaribio ya 2018 na 2019 huko Beni, Butembo, Katwa na Mangina, ilianzia katika damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995.

Anayetoa awe mzima, ametimiza miaka 18, na kwa poshi ya mililita 450 awe na kilo 50 au zaidi. Mjamzito na anayenyonyesha wasubiri. Maji ya damu hurudi kwa siku moja au mbili, chembe nyekundu huchukua wiki kadhaa. Mwanamume arudi baada ya miezi mitatu, mwanamke minne. Ule kabla ya kwenda, unywe maji mengi baadaye, na mkono ule usibebe gunia siku hiyo. Nawe motari, kaa kwanza kwenye benchi, pikipiki itakungoja.